Dada wa Steringi Alikuwa na Pumu

Mimi siamini sehemu ya pili ya kitu chochote. Majani ya chai ukiyachemsha mara ya pili unapata maji ya moto yenye kumbukumbu ya chai. Mhubiri akisema sasa anaingia sehemu ya pili ya somo lake, watu wanaanza kufunga mikoba. Na filamu ndiyo kabisa. Kwenye sehemu ya kwanza steringi ni mtu kama sisi, anadharauliwa kazini, anakosa basi, halafu siku moja nguvu za ajabu zinamwingia na wewe unashangaa pamoja naye. Sehemu ya pili nguvu anazo tayari, kwa hiyo wanamwongezea huzuni. Anasimama juu ya ghorofa mvua inamnyeshea, anafikiri. Adui naye ni yule yule, ila ameongezwa kimo na mapembe.

Nina haki ya kusema hivyo, maana kwa miaka mingi cherehani yangu ilikaa chini ya upenu wa banda la video hapa Kasulu, nyuma ya soko, chini kabisa ya spika ya nje. Wenzangu wameangalia filamu, mimi nimezisikia. Nimeshona sare za kwaya huku miji ya watu inateketea juu ya kichwa changu. Ukinipa filamu yoyote nikaisikiliza kwa muda wa kupinda pindo la gauni moja, nitakwambia nani atakufa.

Banda lilikuwa la shemeji yangu, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa yake. Alikuwa mtafsiri. Filamu ikija kwa lugha ya wenyewe, yeye anapunguza sauti yao, anashika maiki, anamwaga Kiswahili palepale, bila karatasi wala maandalizi mengi, na pale adui anapotishia watu anatia Kiha cha kwetu ili kitisho kiingie vizuri. Kiingereza alikijua cha kuombea maji. Kichina hakujua hata salamu. Lakini filamu za Kichina ndizo alizozitafsiri kwa kujiamini zaidi, kwa sababu hakuna aliyeweza kumbishia.

Ninamwita shemeji, lakini wakati huo jina hilo lilikuwa la mkopo. Yeye na dada yangu walikuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Baba yetu alikwisha kufariki. Baba wadogo waliridhika zamani, ila walisema neno la mwisho ni la Mama, na Mama, aliyekuwa akiishi Kibondo, hakulitoa. Hakukataa pia. Alisema tu hajaielewa kazi ya yule kijana. Analima? Halimi. Anauza? Hauzi. Anafundisha? Hafundishi. Anasema maneno ya watu wengine. Ndipo akampa jina la Msemaji, na kila alipomtaja alilitamka kana kwamba amekuta jiwe kwenye maharage.

Kwangu lilikuwa jambo la kucheka, lakini kwa dada yangu halikuwa mzaha. Bila ndoa hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Siku za meza watu wote walisimama wakapita mbele, yeye akabaki kwenye benchi na watoto, anajifanya anatafuta kitu kwenye Biblia. Nilikuwa napita mbele yake nikitazama pembeni. Iliniuma, na ilinifanya nimkasirikie Mama zaidi ya nilivyothubutu kusema.

Shemeji yeye alichagua njia ya heshima. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wakikutana njiani mwanamume anapisha, anainama, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na neno lolote la aibu halitamki mahali ambapo yule mama anaweza kulisikia. Wengi siku hizi wanaichukulia mila hiyo kijuujuu. Shemeji aliichukua yote na kuiongezea ya kwake. Mama akija Kasulu, yeye alipisha mpaka ndani ya shamba la mihogo la jirani. Aliwahi kuumia goti mpirani, na Mama alipomuuliza kwa mbali ameumia wapi, alijibu ameumia katikati ya mguu, kwa sababu aliona neno "goti" limekaa vibaya.

Dada alipojifungua, Mama akaja kumlea mzazi. Na Jumapili moja baada ya ibada akatangaza kwamba leo anataka kuiona hiyo kazi. Alikuja bandani na wanawake wenzake wawili wa kanisani, wote na vitenge vya heshima, wakakaa benchi la mbele ambalo kwa kawaida ni la vijana wa bodaboda. Vijana walihama bila kuambiwa. Mimi niliingia pia, maana nilijua hii si ya kusikiliza kwa nje.

Filamu ilikuwa ya yule steringi mwenye joho la kijani ambaye akipiga mguu chini ardhi inatetemeka. Filamu nzuri, narudia, nzuri sana, ya kwanza ndiyo yenyewe. Tatizo lilikuwa binti. Steringi alikuwa na mchumba mwenye nywele nyekundu, na shemeji alisahau kabisa habari yake hadi alipojitokeza kwenye kitambaa cheupe, mkubwa kama ukuta, akimkimbilia steringi mikono wazi. Nilimwona shemeji amegeuka akaangalia kisogo cha Mama.

"Huyu," akasema kwenye maiki, "ni dada yake. Tumbo moja."

Wakakumbatiana. Sawa, ndugu hukumbatiana. Lakini hawakuishia hapo, na banda likapigwa na ubaridi. Shemeji akasema upesi kwamba binti ana pumu, moshi wa bomu umemzidi, na kaka yake anampa pumzi. Wanawake watatu wa mbele wakatikisa vichwa kwa huruma. Filamu ikaendelea, na kila baada ya vita binti alizidiwa tena. Alipewa pumzi hospitalini, akapewa pumzi juu ya daraja, akapewa pumzi mbele ya nyumba yao jua likizama, na hiyo ya mwisho ilikuwa ndefu mpaka shemeji akaongeza kwamba kifua chake kimefunga kabisa. Mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni na ambaye filamu hiyo aliiona zamani kwa Kifaransa, akashindwa kuvumilia. Akasema kwa sauti kwamba "ule haiko dada yake, iko fianse yake." Shemeji akaongeza sauti ya sabufa hadi mabati yakalia.

Tulipotoka, Mama alisimama mlangoni. Shemeji akiwa ameinama, Mama akamuuliza pumu ya yule binti ilianza lini. Shemeji akajibu, "Tangu utotoni, Mama." Mama akasema pole yake. Akaongeza kwamba kijana anayemuuguza dada yake namna ile, bila kuhangaika na wasichana, ni kijana aliyelelewa. Kisha akaenda zake, na kwa mara ya kwanza hakusema Msemaji. Hakusema jina lolote, lakini dada yangu aliiona hiyo kuwa hatua, akaimba jikoni jioni nzima.

Mama akarudi Kibondo na ile filamu kichwani. Kule, wakipura maharage, wakichota maji, wakingoja zamu mashineni, aliwasimulia wanawake habari ya steringi na dada yake mgonjwa. Habari ikaota miguu. Nilikwenda Kibondo kununua vitambaa nikaulizwa na mtu nisiyemfahamu hali ya yule binti, kama amepata nafuu. Nikasema bado kidogo. Ningesema nini?

Halafu sehemu ya pili ikafika.

Shemeji alikuwa na kawaida ya kuangalia filamu peke yake mara moja kabla ya kuitafsiri, asubuhi, mlango umefungwa. Siku hiyo alitoka na flashi mkononi, akakaa kwenye kigoda cha wateja wangu, akawa anaigeuzageuza. Nikadhani steringi amekufa. Nikamkumbusha kwamba steringi hafi. Akasema ingekuwa heri afe. Kwenye sehemu ya pili steringi anamuoa dada yake.

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Yeye hakucheka, kwa sababu ujumbe ulikwisha kuja kutoka Kibondo: Mama anakuja Jumapili, na safari hii anakuja na gari zima la Noah limejaa wanawake, wamechangishana nauli, wanataka kujua mwisho wa mgonjwa wao. Na Mama alimwambia dada kwa simu kwamba baada ya filamu atakaa na mchungaji, atoe neno lake. Maji yalikuwa yamemfika shemeji shingoni.

Wiki ile tulifanya vikao. Nilimshauri aseme yule wa kwanza amekufa kwa pumu na huyu ni mwingine wanafanana. Akasema wanawake wa Kibondo watalia na kuuliza kaburi. Nikamshauri azime jenereta kila binti anapotokea. Akasema basi filamu itakuwa ya mapembe tu. Nikamshauri aseme ilikuja kugundulika kwamba binti aliokotwa, si ndugu wa damu. Hiyo aliifikiria sana, kisha akasema kwa namna alivyosema tumbo moja, tena kwa mkazo, hakuna pa kupenya. Dada yangu, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, alisema hana haja ya hadithi zetu, shemeji amwambie Mama ukweli tu. Njia ya mwongo ni fupi.

Shemeji akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati kanisani. "Yaani mimi," akasema, "nimtamkie mama mkwe neno mchumba? Mbele ya macho yake?"

Jumapili Noah ikafika. Wanawake walishuka wakijinyoosha, vumbi jekundu hadi kwenye kope, wakasalimia soko zima. Mama alikuwa na chupa ya asali ya Kibondo, nzito, nyeusi, imefungwa kwa jani la mgomba. Akaiweka chini hatua chache kutoka kwa shemeji, kama ilivyo adabu, akasema asali hii inasaidia sana kifua, ni ya yule binti. Uso wake haukuwa na hata chembe ya mzaha. Shemeji aliiokota kwa mikono miwili akashukuru kwa niaba ya mgonjwa. Nikaingia ndani haraka nisije nikaangua kicheko nikaaibika.

Banda lilijaa hadi watu wakakaa madirishani; dada yangu na mchungaji nao walikuwemo. Mama alikaa mbele katikati, mimi pembeni yake, na yule mama wa Kikongo nyuma yetu, amekunja mikono, anangoja haki itendeke. Filamu ikaanza. Ilikuwa mbaya. Nasema kama fundi wa kusikia: huzuni tupu, mvua, mapembe, na mzee mmoja anayeeleza mambo ambayo tuliyaona wenyewe sehemu ya kwanza. Lakini hakuna aliyejali. Kila binti alipojitokeza, wanawake wa Kibondo waliangalia kifua chake.

Mwanzoni shemeji alijitahidi. Aliwaambia hali yake ni afadhali, hewa ya huko ni nzuri. Kisha steringi akampeleka hotelini, mahali penye mishumaa, akapiga goti moja chini na ardhi haikutetemeka. Akatoa pete. Mwanamke mmoja wa Kibondo akauliza kwa sauti ile pete ya nini, mtu anampaje dada yake pete.

"Ni pete ya dawa," akasema shemeji. "Ya pumu."

Vijana wa bodaboda wakaanza kukohoa kwa kucheka. Na kwenye kitambaa wale wawili wakasimama, wakasogeleana, polepole, kwa ule mwendo ambao hata mtoto mchanga angejua unakoelekea. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na bomu. Shemeji alifungua mdomo mbele ya maiki na nikasikia pumzi yake mwenyewe kwenye sabufa. Kisha akafanya jambo pekee ambalo mila ilimwachia. Aliweka maiki kwenye ukingo wa benchi, akainama kuelekea upande wa Mama bila kumtazama, akatoka nje nusu amechuchumaa, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo.

Filamu ikabaki bila mwenyewe. Wale wawili wakaendelea na shughuli yao kimyakimya. Mama wa Kikongo akasema nyuma yetu, taratibu kabisa, kwamba yeye alisema tangu mwanzo.

Mama akasimama. Nikamshika kitenge nikidhani anaondoka, nikaona ndoa ya dada yangu inatoka mlangoni. Akanipiga kikofi mkononi. Akachukua maiki, akaishika kama mwiko, akageukia watu.

"Huyu binti hana pumu," akasema. "Hajawahi kuwa na pumu. Mimi nimezaa na nimelea, pumu naijua, na hiki nacho nakijua. Macho hayana pazia. Tangu ile pumzi ya pili nilijua. Ni mchumba wake. Mtafsiri wenu aliwadanganya kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa hapa. Sasa ametoka, kwa hiyo nitawaambia mimi."

Sijawahi kusikia banda likilipuka vile, hata adui alipokufa. Wanawake wa Kibondo walijipiga mapajani. Mama wa Kikongo alisimama akashangilia peke yake. Mama alingoja watulie, kisha akaendelea na filamu. Kiingereza hakujua hata neno, na nadhani hiyo ilimsaidia. Aliniambia pembeni nitoke nikamtazame Msemaji asije akakimbilia Nyabibuye, akavuka na mpaka wa Burundi.

Nilimkuta nje, kwenye kigoda cha wateja, chini ya spika, ameshika kichwa. Cherehani yangu imefunikwa kwa turubai, soko limekwisha kufungwa kwa siku ile, na sauti ya Mama inatoka juu yetu kusambaa hadi barabarani. Alikuwa anaeleza vita. Alisema huyu mwenye mapembe anabomoa daraja, haieleweki kakosewa nini. Alisema steringi yuko tena kwenye mvua, na hana hata mwavuli, na nguvu zote hizo. Alisema mzee yule anaongea sana na wamruke. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Nami nikakubali moyoni, kwa hasira, kwamba sehemu hii ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Filamu yenyewe ilikuwa takataka. Lakini niliyoyasikia chini ya upenu ule siku ile, sijasikia tena mfano wake.

Shemeji aliuliza kwa sauti ndogo kama Mama amekasirika. Nikamwambia asikilize. Ndani walikuwa wamefika kwenye harusi. Niliusikia muziki wa kinanda, kisha Mama akasema kuna mama mmoja mzee amesimama, amevaa kofia ya maua, huyo ndiye mzazi wa binti na anataka kusema neno.

"Anasema," sauti ya Mama ikatoka juu ya vichwa vyetu, "alimnyima kijana huyu jibu muda mrefu kwa sababu hakuielewa kazi yake. Na hata sasa haielewi. Kupiga mguu chini si kazi. Lakini anasema ameona kijana anajua kuona haya. Mtu aliyesumbuka vile, akamtia mwanamke mzima ugonjwa wa kifua ili mama mkwe wake asiaibike, huyo hawezi kumwaibisha binti yangu. Ego, ndiyo. Anasema amekubali, na mchungaji yupo humu ndani amesikia. Anasema, umukwe wanje, ingia, unakaa nje kwa nini?"

Umukwe wanje, yaani mkwe wangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Nikasikia dada yangu analia mle ndani, na mimi pia nikaanza kulia, na kwa kukosa kitambaa nikajifuta kwa kipande cha sare ya kwaya ya mtu. Shemeji alikuwa amesimama wima, macho yamejaa, mikono haijui iende wapi. Nikamsukuma kuelekea mlangoni. Nilimwambia anaitwa, aingie, anangoja nini.

Alipiga hatua mbili akasimama.

"Chungulia kwanza," akaniambia. "Wamemaliza kubusiana?"

Nikachungulia. Walikuwa bado. Tukasubiri.